Landrova 109 ya marehemu baba: nikibadilisha rangi ya kiwandani, bei inashuka?

Kijana wa Gungu, Kigoma
Wakuu, habari za jioni. Baba alituachia Landrova 109, Series IIA ya 1968. Injini ya petroli ni ileile aliyoinunua nayo, tumeifungua na kuifunga upya, chasisi imechomelewa, breki mpya. Imebaki rangi tu. Nje ni nyeupe, aliipaka baba mwenyewe tukiwa wadogo, ila tulipong'oa viti tukakuta kijani kilichokoza. Mdogo wangu anataka nyeusi isiyong'aa. Mama anataka nyeupe ibaki. Mimi nataka kijani. Kuna mtu ameulizia, akasema gari lisilo na rangi yake ya kwanza atalipa pungufu. Ni kweli, au ananitisha tu nishushe bei?

Dereva Mstaafu
Anakutisha. Gari ni injini na chasisi. Paka unayoipenda.

Fundi Rangi, Isevya Tabora
Pole kwa kufiwa, ndugu yangu. Kazi yangu ni rangi, na hizi Landrova nazipenda kuliko gari lolote linaloingia gereji, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Inategemea anayenunua ni nani. Mtu wa Urambo anayetaka gari la kusombea tumbaku hatakuuliza kiwanda kilipaka nini. Atainama achungulie chasisi, atasikiliza gia boksi, atatoa hela. Kwa huyo Mzee Dereva amesema kweli. Lakini huyo wako anayetaja rangi ya kwanza ni mkusanyaji wa magari ya zamani, na mkusanyaji analisoma gari kama hati ya shamba: akiona neno moja limefutwa, anashuku na mengine. Rangi si yake, je, injini ni yake? Bamba la namba ya chasisi halikuhamishwa? Bei inaliwa na hiyo shaka.

Na shaka hiyo unaweza kuiondoa. Uingereza, mahali panaitwa Gaydon, kuna makumbusho ya British Motor Museum yanayotunza kumbukumbu za kiwanda. Unawapa namba ya chasisi, unalipia, wanakupa cheti chenye tarehe gari lilipotengenezwa, rangi yake, na lilikopelekwa. Agiza hicho cheti kabla hujanunua hata kopo moja. Kijani ulichokiona huenda ni Bronze Green ya kiwandani, huenda pia ni cha mwenye gari kabla ya baba. Chunguza nyuma ya dashibodi na chini ya raba za milango, kwa sababu wapakaji wa mitaani huko hawafiki. Tabaka la chini kabisa, lililokaa juu ya praima (rangi ya msingi) tu, ndilo la kuamini. Popote utakapolikuta lipige picha na uliache, msasa usipite hapo.

Nyeusi isiyong'aa nasema hapana, na mdogo wako asinichukie. Mkusanyaji akiiona anapiga hesabu ya kuitoa, na Landrova haitolewi rangi kirahisi. Bodi yake ni aluminiamu ya aina ya Birmabright, laini. Ukiipiga mchanga wa kompresa kwa nguvu bati linapinda, halirudi. Inatakiwa dawa ya kutolea rangi, msasa wa mkono, halafu praima maalumu ya aluminiamu, ile yenye asidi inayong'ata bati. Nimeletewa magari yaliyopigwa praima ya chuma moja kwa moja; masika moja tu rangi inabanduka kama ganda, na mwenye gari analia na fundi. Kazi mbovu namna hiyo inashusha bei kuliko rangi isiyo yake, hata kwa mtu wa tumbaku. Ila ukuta kati ya injini na dereva ni chuma. Huo utibu kutu kwanza.

Kwa Kigoma ningengoja kiangazi. Unyevu ukiingia kwenye duko, yaani rangi ya gari ya kupuliza, linapata ukungu mweupe. Mwagia sakafu maji kidogo kutuliza vumbi, uanze.

Halafu kadi. Rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha nenda TRA, mamlaka ya mapato, irekebishwe. Mnunuzi makini anaanzia kwenye karatasi.

Mpenda Vyuma, Dar
Fundi yuko sahihi, na si kwa Landrova tu. Ferrari nyingi zilitoka kiwandani zikiwa za kijivu au buluu, baadaye wakazipaka nyekundu kwa kuwa nyekundu ndiyo iliyouzika. Leo wenye nazo wanalipa hela nyingi kuzirudisha. Ila mkuu, kama nyeupe ya mzee bado imeshika vizuri, fikiria kutoigusa. Wapo wanaothamini gari ambalo halijaguswa miaka mingi kuliko linalong'aa jipya.

Kijana wa Gungu, Kigoma
Nashukuru sana wakuu. Nyeupe imechoka, mlango wa nyuma inabanduka. Namba ya chasisi nimeipata, naagiza cheti. Shida ni mama. Hiyo nyeupe ndiyo aliyomzoea nayo mzee, nikimwambia kijani ananyamaza.

Fundi Rangi, Isevya Tabora
Usimlazimishe, mama haki yake ni kubwa. Ila mwambie hili: Landrova nyingi za kijani zilitoka kiwandani na paa la Limestone, na rimu hivyohivyo. Ni weupe wa krimu. Cheti kikija na kijani, mwonyeshe picha ya gari la namna hiyo, aone kwamba juu bado ni jeupe. Akikataa bado, paka Limestone gari zima. Nayo ni rangi ya kiwanda ya miaka hiyohiyo, haitashusha bei sana kama rangi ya kubuni, na hamuuzi kesho.

Mkikubaliana kijani, usichague kwa picha ya simu, simu inadanganya kijani. Fungua kipande kidogo chenye rangi ya zamani, kifunge kwenye gunia, mpe mtu anayekuja Tabora kwa treni. Nitachanganya nikilinganisha nacho juani, na kipande utarudishiwa.