Kuratibu utafiti wa nyenzo za nishati katika idara za serikali: nianzie wapi?

Mratibu mpya, Entebbe:

Ndugu zangu wanasayansi na watumishi wa umma, nawasalimu. Nimekabidhiwa jukumu la kuratibu miradi ya utafiti wa nyenzo za nishati ambayo serikali yetu inaigharamia, mingine kwa sehemu na mingine kwa ukamilifu, nami naomba ushauri wa waliokwisha kuifanya kazi ya namna hii.

Miradi yenyewe imetawanyika. Upo wa kusafisha grafiti, madini ya kaboni, ya Orom, kule Kitgum kaskazini mwa Uganda, ili ifae kutengenezea anodi (ncha hasi) za betri. Ipo miwili inayochunguza jinsi betri za lithiamu za pikipiki na mabasi ya umeme zinavyochakaa katika joto na barabara zetu. Upo wa seli za jua za perovskaiti, nyenzo mpya ya kugeuza mwanga kuwa umeme, na upo wa kuvipaka vyuma vya mitambo ya umeme wa maji tabaka gumu linalozuia kuliwa na mchanga. Kila mmoja una mfadhili wake, unaripoti kwa ofisi yake, na wakuu wa miradi hukutana zaidi kwenye warsha kuliko kwenye kazi.

Lililonisumbua kuliko yote ni hili. Timu moja ya betri hupima uwezo, yaani kiasi cha chaji ambacho betri inaweza kutoa, katika nyuzi 25 za Selsiasi, kwa kuitoa betri chaji polepole kwa muda wa saa 10. Timu ya pili huimaliza chaji ndani ya saa 1, katika chumba ambacho joto lake hubadilika kuanzia asubuhi hadi alasiri. Zote mbili zimeandika asilimia ya uwezo uliobaki, na zote mbili zimefanya kazi kwa uaminifu, lakini tarakimu zao haziwezi kuwekwa katika jedwali moja, kwa sababu betri ileile ikitolewa chaji kwa kasi huonekana kuwa na uwezo mdogo kuliko ikitolewa polepole. Kwenye rafu ya maabara nyingine nilikuta mfuko wa grafiti ulioandikwa kwa kalamu neno moja tu, "Kitgum", bila namba ya shimo, wala kina, wala ukubwa wa chembe.

Je, nianze na kamati, na rejista, au na bajeti? Na nitapata wapi nguvu ya kuwaelekeza watu ambao hawako chini yangu?

Mstaafu wa utumishi wa umma, Kampala:

Mwanangu, hongera kwa kazi hiyo. Mimi nakushauri uanze na kalenda ya fedha, kwa sababu ndiyo inayoamua mengi kabla hata wanasayansi hawajakaa kuzungumza. Mwaka wetu wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kufungwa tarehe 30 Juni, na fedha iliyoidhinishwa na Bunge ikiwa haijatumika kufikia siku hiyo, idhini yake inakoma. Sasa fikiria jaribio la uchakavu wa betri linalohitaji miezi 18. Linavuka mwaka wa fedha mara moja au mbili, na kila linapovuka kuna miezi ambayo hakuna gesi, hakuna vipuri, na kijana wa mkataba hajui kama atarudi kazini.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 inataka waraka wa mfumo wa bajeti (Budget Framework Paper) ufike bungeni ifikapo tarehe 31 Desemba. Maana yake ni kwamba mahitaji ya miradi yako lazima yawe mezani kwa maafisa masuuli, yaani wanaowajibika kwa fedha za kila taasisi, miezi kadhaa kabla ya hapo, yakiwa yameandikwa kwa lugha ya malengo ya mpango wa maendeleo wa taifa. Mratibu anayejua tarehe hizi, na anayewaandalia watafiti aya zao za bajeti mapema, hupendwa haraka. Kuhusu nguvu, omba barua moja kutoka kwa Katibu Mkuu wako inayotaja wazi kwamba una haki ya kupata taarifa na ratiba za miradi. Usiombe mamlaka ya kuidhinisha malipo. Hutapewa, na ukipewa utageuka kuwa foleni nyingine.

Mtaalamu wa maabara, Kampala:

Namheshimu sana Mzee aliyetangulia na sina neno juu ya tarehe zake, lakini kwa maoni yangu uratibu wa utafiti wa nyenzo unaanzia kwenye sampuli. Kamati inaweza kukutana kila mwezi na bado ule mfuko wa grafiti ukabaki hauna maana. Ili grafiti iingie kwenye betri, kwa kawaida husafishwa hadi angalau asilimia 99.95, na namna ya kuisafisha hutegemea uchafu uliomo na ukubwa wa magamba yake, mambo yanayobadilika kutoka shimo moja hadi jingine. Mtafiti akipata matokeo mazuri kutoka kwenye mfuko usiojulikana ulikotoka, hakuna mtu, hata yeye mwenyewe, atakayeweza kuyarudia.

Kwa hiyo kila sampuli iwe na namba moja isiyobadilika hata ikihama maabara, pamoja na karatasi inayosema ilichukuliwa wapi, lini, na nani, kwa kina gani, na ilifanyiwa nini kabla ya kugawanywa. Sehemu yake ibaki bila kuguswa. Kurugenzi ya Upimaji wa Jiolojia na Migodi iko hapo hapo Entebbe ulipo. Kaongee nao kuhusu kuhifadhi sampuli za madini, kwa kuwa utunzaji wa kumbukumbu za miamba ni kazi yao ya asili.

Jambo la pili ni itifaki ya vipimo, na hapa huna haja ya kubuni chochote. Kwa paneli za silikoni kuna kiwango cha IEC 61215 cha tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, ambacho pamoja na mengine huiweka paneli katika nyuzi 85 na unyevunyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000. Kwa perovskaiti, ambayo adui zake wakubwa ni unyevu, joto na mwanga, watafiti wa nchi nyingi walichapisha mwaka 2020 makubaliano ya namna ya kupima na kuripoti udumivu. Seli hizi zilianza na ufanisi wa asilimia 3.8 nchini Japani mwaka 2009, na leo zimepita 26 maabarani, kwa hiyo habari ya ufanisi haina upungufu duniani. Kinachotafutwa sasa ni kujua zitadumu miaka mingapi juu ya bati, na hali ya hewa ya ukingo wa Ziwa Viktoria ni mahali pazuri mno pa kulijibu swali hilo. Timu ya perovskaiti ikipimwa kwa ufanisi peke yake, itakuwa inakimbizana na walio mbele yetu sana, ilhali swali letu wenyewe linabaki bila mwenyewe.

Mwanafunzi wa uzamivu kutoka Mbarara, sasa Marekani:

Naomba kuongeza mfano kutoka huku niliko, si kwa ajili ya kuigwa kwa ukubwa wake. Idara ya Nishati ya Marekani ina ofisi nyingi zinazogharamia utafiti wa nyenzo, kila moja kwa lengo lake: mafuta, nyuklia, jua, sayansi ya msingi. Kwa miaka mingi ilikuwa na Kamati ya Kuratibu Nyenzo za Nishati, na sehemu kubwa ya matunda yake ilikuwa ripoti ya kila mwaka iliyoorodhesha miradi ya nyenzo ya idara nzima, ofisi kwa ofisi, pamoja na fedha zake na watu wa kuwasiliana nao. Ofisi ziliendelea kushika fedha zao, lakini mtu wa ofisi moja aliweza kuona kwamba jirani yake anachunguza aloi ileile.

Baadaye walijaribu njia nyingine zilizoweka fedha mahali pamoja. Mwaka 2009 walianzisha vituo 46 vya utafiti wa mipaka mipya ya elimu ya nishati (Energy Frontier Research Centers), na mwaka 2012 kituo kikubwa cha utafiti wa betri kikiongozwa na maabara ya Argonne, ambacho kilitangaza lengo lililo wazi: betri yenye nishati mara tano, kwa gharama ya moja ya tano, ndani ya miaka mitano. Lengo lile halikufikiwa kama lilivyosemwa. Hata hivyo, kila kundi lilijua matokeo yake yanapelekwa wapi. Kwa hali yetu, ripoti moja ya kurasa chache yenye miradi yote ingekuwa mwanzo wa heshima, na ingekupa ile nguvu unayoitafuta bila kugombana na mtu.

Mhadhiri, kaskazini mwa Uganda:

Ndugu Mratibu, naomba usikie na upande wa wanaoratibiwa. Rejista, ripoti, itifaki na barua ya Katibu Mkuu, vyote vikitushukia kwa pamoja, vitatuongezea fomu bila kutuongezea hata saa moja ya kifaa. Mimi nina wanafunzi ambao sampuli zao zimekaa zikisubiri difraktometa ya eksirei, mashine inayoonyesha mpangilio wa atomi ndani ya nyenzo, kwa muhula mzima, kwa sababu pampu ya kupoza maji iliharibika na taasisi yenye mashine, ambayo sitaitaja, haikuwa na fungu la matengenezo. Mashine yenyewe ilinunuliwa kwa fedha za mradi, na mradi ulipokwisha, matengenezo yakakosa baba na mama. Ukitaka watafiti wakufuate, wapatie ratiba ya pamoja ya vifaa, pamoja na fungu dogo la pamoja la vipuri, vidhibiti vya umeme na mafunzo ya mafundi sanifu. Fundi sanifu mmoja anayeijua hadubini ya elektroni barabara ana thamani kuliko hadubini ya pili.

Pia kuna suala la haki ya data. Mwanafunzi asilazimishwe kuweka matokeo yake wazi kabla ya tasnifu yake kukubaliwa, na kampuni yenye leseni ya uchimbaji haitatoa taarifa za mashimo yake pasipo mkataba wa kutunza siri. Haya yaandikwe mapema katika hati ya makubaliano, kabla ya sampuli ya kwanza kuhama.

Mratibu mpya, Entebbe:

Nawashukuru nyote, na hasa Mwalimu kwa kusema wazi. Nimeamua kutoanza na miradi yote. Nitaanza na zile timu mbili za betri, kwa kuwa swali lao ni moja na vifaa vyao vinakaribiana. Nitaziomba zipime seli za aina moja kwa itifaki moja, kisha nitapeleka maombi ya fungu la vipuri katika bajeti ijayo nikiwa na jedwali mkononi. Sharti la kungoja tasnifu nitaliingiza kwenye hati. Je, zoezi hili la seli liandaliweje ili tofauti tutakazoziona ziwe za maabara kweli?

Mtaalamu wa maabara, Kampala:

Chukua seli za toleo moja la kiwandani, uzipime zote mahali pamoja kwanza, uondoe zile ambazo vipimo vyake viko mbali na vya nyingine, ndipo uzigawe kwa bahati nasibu. Kila timu ipime katika nyuzi 25, kwa kasi zote mbili, ya saa 10 na ya saa 1, ili hata data zao za zamani zipate daraja la kulinganishwa. Joto lipimwe kwenye ganda la seli, kwa kuwa hewa ya chumba hudanganya. Seli zisafirishwe zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30, kiwango ambacho kanuni za ndege huweka kwa betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake. Nacho kinafaa hata kwa gari la kwenda Gulu. Baada ya timu zote mbili kumaliza, wabadilishane seli na wapime upya. Nyingine chache ubaki nazo wewe bila kusafirishwa, uzipime mwanzoni na mwishoni, ili uchakavu wa kukaa tu usije ukahesabiwa kuwa kosa la mtu.