Kuinamisha herufi si italiki! Kitabu kimeharibika, naambiwa "si imelala?"

Wakuu, heshima zenu. Tangu jana jioni nina hasira, nikivuka mipaka mnivumilie.

Miezi saba nimekaa napanga kurasa za kitabu cha mimea. Kitabu cha namna hiyo kimejaa majina ya kisayansi, na jina la jenasi na la spishi huandikwa kwa italiki, zile herufi zenye mwendo wa mwandiko wa mkono, hilo halina mjadala. Nikatafuta fonti ya serifu (yenye vijimguu kwenye ncha za herufi) iliyo na italiki yake ya kweli, nikalipia leseni, nikapeleka PDF kwa mchapaji. Wakaniomba na faili ya kazi, ile inayohaririwa, ili wapanue pambizo. Nikawapa. Hapo ndipo nilipokosea, nakiri, kwa sababu fonti sikuambatisha.

Jana nafungua katoni ya kwanza. Jalada liko sawa, wametumia PDF yangu. Ndani sasa! Kila penye italiki pana herufi za wima zilizosukumwa bega zikainama kama uzio uliooza nguzo. Mashine yao haikuwa na faili ya italiki, programu ikajitungia mlazo wake, na hakuna mtu aliyeona haja ya kuniuliza. Napiga simu, najibiwa: "Si imelala? Tatizo liko wapi?"

Tatizo liko hapa. Chukueni *Coffea arabica*. Kwenye italiki halisi, f hushuka chini ya mstari na kuacha mkia, na hapo ziko mbili zimeongozana, jina zima linapata mwendo. Herufi a ya wima ina kichwa kilichopinda juu na tumbo chini. Ya italiki haina kichwa hicho, ni tumbo moja na kijimkia, kama unavyoiandika kwa mkono. Serifu nazo hubadilika. Mguu wa n ya wima umekanyaga chini bapa, kushoto na kulia. Kwenye italiki mguu wa mwisho una ndoano inayopanda kulia, na unaiona kalamu ilipotokea na inapoelekea. Herufi zenyewe pia kwa kawaida ni nyembamba zaidi na zimekaribiana. Hayo yote mchoraji huyachora upya, moja moja, kwa jicho.

Kompyuta haina jicho. Inasukuma tu. Tazameni o iliyosukumwa: unene unahama, pembe moja inavimba na nyingine inakonda. Kitabu chenye mamia ya majina kimejaa o za hivyo ukurasa hadi ukurasa. Na a bado ina kile kichwa chake cha wima, sasa kimeinama mbele kama mtu anayesinzia kwenye kiti.

Halafu mtu ananiambia italiki maana yake ni kulala! Mwaka 1501 kule Venice, mchapaji Aldus Manutius alichapa kazi za Virgil, mshairi wa Kirumi, katika kitabu kidogo cha kushika mkononi, maandishi yote kwa herufi mpya zilizochongwa na Francesco Griffo, zikifuata mwandiko wa haraka wa wasomi wa wakati ule. (Haki ya kuzitumia peke yake akapewa Aldus, mchongaji akabaki na patasi zake, lakini hiyo ni hasira ya siku nyingine.) Sasa sikilizeni: herufi kubwa za kitabu kile zilikuwa WIMA. Zimesimama wima kabisa, na bado kitabu ni cha italiki. Italiki ni mwandiko unaojitegemea, na kule kuutia katikati ya maandishi ya wima ili neno lionekane kulikuja baadaye.

Najua kuna mjuzi atanitajia Stanley Morison, mtaalamu wa uchapaji wa Uingereza, kwamba mwaka 1926 aliandika kuwa italiki bora ingekuwa herufi ya wima iliyoinamishwa. Sawa. Miaka sita baadaye gazeti la The Times la London likaanza kutumia fonti ya Times New Roman, kazi aliyoisimamia yeye mwenyewe. Kaangalie a ya italiki yake, haina kile kichwa, kisha urudi hapa tuzungumze. Na msiniletee habari za fonti zisizo na serifu. Zile mistari yake ina unene unaokaribiana, zinavumilia kuinamishwa, na hata huko mbunifu makini hurekebisha kwa mkono.

Walio kwenye tovuti msicheke, vivinjari vyenu vinafanya madudu haya haya kila faili ya italiki inapokosekana. Angalau ninyi mnaweza kuandika `font-synthesis: none` kwenye CSS (maagizo ya mwonekano wa tovuti) kukataza kivinjari kujitungia mlazo, mkalala usingizi. Mimi nina karatasi tayari.

Wamenipa punguzo la kazi ijayo. Kazi ipi ijayo? Nimewaambia wachape upya kurasa za ndani kwa PDF ile ile waliyotumia kwenye jalada, kwa gharama yao, maana walibadilisha kazi iliyokwisha kukubaliwa. Wanadai faili nilileta mwenyewe bila fonti.

Aliyewahi kushinda ubishi wa hivi aniambie alishika kipengele gani cha mkataba. Katoni ziko mlangoni kwangu, nimezifunga tena, na sizihamishi mpaka waje kuzibeba wenyewe.