Walimu na kikokotoo: sheria imekipa chama chetu nguvu gani juu ya mafao?

Chaki33:
Walimu wenzangu, nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu kwa lazima, baada ya miaka 33 ya kufundisha shule ya msingi. Hati yangu ya mshahara huonyesha asilimia 5 inayokwenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na, mistari miwili chini yake, asilimia 2 ya chama cha walimu, ambayo sikumbuki kuijazia fomu. Ikiwa sheria inakiruhusu chama kunikata bila kuniuliza, kwa nini hakikuweza kuzuia kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kilichopunguza mkupuo wangu, zile fedha za mara moja za kustaafu?

Wakili wa Kazi:
Shikamoo mwalimu. Makato hayo yana msingi katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayokiruhusu chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kupokea ada ya uwakala hata kwa asiye mwanachama, kwa hoja kwamba naye anafaidi matunda ya majadiliano. Tatizo ni kwamba pensheni haimo katika matunda hayo. Mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, unaweza kugusa mshahara, posho na masharti ya kazi, lakini kiwango cha mkupuo kimewekwa na Sheria ya PSSSF ya mwaka 2018 pamoja na kanuni zake, na katika kutunga kanuni chama hutoa maoni tu, hakitii saini. Mgomo nao umezungushiwa masharti mengi: mwaka 2012 walimu walipogoma kudai mshahara na posho, haikupita wiki moja kabla Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, haijautangaza kuwa batili.

Mhasibu Mstaafu:
Naomba niweke tarakimu, kwa sababu uchungu wa jambo hili umo humo. Tuchukue wastani wa mshahara wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi na miezi 396 ya utumishi. Pensheni kamili ya mwaka ni mshahara wa mwaka mara miezi hiyo mara sehemu kama 1/540; asilimia yake inayotengwa huzidishwa kwa kizidishio kupata mkupuo, na inayobaki hugawanywa kwa 12 kupata pensheni ya mwezi. Kwa kanuni ya zamani iliyowahusu walimu wengi (1/540, mkupuo wa asilimia 50, kizidishio 15.5), mkupuo ungekuwa shilingi 81,840,000 na pensheni ya mwezi 440,000. Kwa kanuni ya Julai 2022 (1/580, asilimia 33, kizidishio 12.5), mkupuo unashuka hadi takriban 40,556,000, na pensheni inapanda hadi 549,000 hivi. Bajeti ya mwaka 2024 ilipandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa waliokuwa kwenye kundi la zamani la mkupuo wa asilimia 50, yaani takriban 49,159,000 kwa mfano huu, na pensheni ya 491,600. Pensheni ya mwezi imeongezeka kweli, lakini mwalimu aliyeishi nyumba ya shule maisha yake yote hujenga kwa mkupuo, na kwa shilingi 50,000 za nyongeza hapandishi hata ukuta mmoja.

Mwakilishi wa Tawi:
Mwalimu, shikamoo. Ninakubaliana na Wakili kuhusu sheria, ila si haki kusema chama kilikaa kimya. Kikokotoo cha mkupuo wa asilimia 25 cha mwaka 2018 kilisitishwa tarehe 28 Desemba mwaka huohuo, Rais Magufuli alipokutana Ikulu na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, na hoja ya kukiboresha kile cha 2022 iliendelea kusemwa hadi ikafika kwenye bajeti. Hata hivyo nakiri kwamba mafanikio yote mawili yalitegemea utashi wa mkubwa, na kilichotolewa kwa namna hiyo huweza kuondolewa kwa namna hiyohiyo. Ninachokidai kwenye vikao vyetu ni sheria irekebishwe ili kanuni za mafao zisibadilishwe bila makubaliano ya maandishi na vyama.

Chaki33:
Marahaba, wanangu. Sasa nimeelewa kwamba nimekuwa nikilipia uwakilishi katika chumba ambacho pensheni yangu haijadiliwi. Hesabu ya Mhasibu nimeinakili nyuma ya hati ya mshahara, na kwenye mkutano wa wilaya nitaomba hoja ya Mwakilishi iandikwe kwenye kumbukumbu kabla hatujachagua viongozi.