Naomba ushauri: vivuli vya zambarau kwenye ngozi vinaonekana kama michubuko

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada kwa wanaotumia rangi za mafuta.

Wiki ya tatu sasa nanakili, kutoka kitabuni, mchoro wa Renoir, mchoraji wa Kifaransa, wa mwanamke aliye kifua wazi juani, wa 1875–76, ambao uko kwenye jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris. Jua linapenya majani na kumwangukia mabegani madoa madoa. Penye kivuli, ngozi imepakwa kijani na zambarau. Ulipooneshwa 1876, mhakiki Albert Wolff wa gazeti la Le Figaro aliufananisha mwili ule na nyama inayooza. Aliuonea. Kitabu nikikishika mbali kidogo, mabaka yote yanageuka mwanga.

Wangu haugeuki. Bega la kushoto limekaa kama limevilia damu. Nimeongeza nyeupe, likawa kama limepakwa chokaa. Nimekwangua, nimerudia, bado. (Wanaoniuliza kwa nini nachora watu walio uchi: sijaona kitu kinachopokea mwanga kwa upole kama ngozi.)

Je, nitangulize rangi za joto, waridi na manjano, zikauke ndipo niweke zambarau? Au zikutane zikiwa mbichi? Kuna rafiki ananishauri niuache kwanza, nijifunze kwa michoro ya pasteli (vijiti vya rangi kavu) ya Degas, mchoraji mwingine wa Kifaransa, ya wanawake wanaooga, kama ule wa beseni wa 1886, maana mistari yake inaonekana mmoja mmoja. Mliopitia hili, mlianzia wapi?