Tupeane uzoefu: baiskeli ndogo ya umeme ya kukunja kwa safari ya kazini

Mkaazi wa Kimara
Ndugu zangu, habari za jioni. Leo asubuhi nilikuwa nimekwama kwenye foleni ya Magomeni, nimebanwa dirishani, nikamwona mama mmoja wa makamo anapita pembeni yetu kwa baiskeli ndogo ya umeme, mkoba wake umekaa kwenye kikapu cha mbele, wala hakanyagi kwa nguvu. Nilipofika ofisini nikiwa nimechelewa kwa dakika 50, niliamua kwamba safari hii sitaishia kutamani tu. Kutoka nyumbani hadi kazini ni kilomita 14. Ofisi yetu iko ghorofa ya 4, mlinzi haruhusu baiskeli kuegeshwa ukumbini, na nyumbani ninaishi chumba cha kupanga kisicho na mahali salama pa kuiacha nje, kwa hiyo lazima iwe ya kukunja. Nimeonyeshwa tatu: ya magurudumu ya inchi 14 yenye kilo 15, ya inchi 16 yenye kilo 17, na ya inchi 20 yenye kilo 24. Mnaotumia vyombo hivi kila siku, naomba mtueleze mliyoyapitia, ili na wengine wanaotaka kununua wafaidike.

Dada wa Kigamboni
Mimi nina mwaka wa pili na ya inchi 16. Navuka kwa kivuko kila siku, na ukweli ni kwamba uzito hautauhisi dukani. Dukani utaiinua mara moja, utatabasamu na kusema ni nyepesi. Utauhisi pale kivuko kinaposhusha mlango, watu wanakusukuma kwa nyuma, mkono mmoja umeshika baiskeli iliyokunjwa na mwingine umeshika viatu vya ofisini, na pedeli inakuchoma paja kwa kila hatua. Kabla ya kulipa, ikunje mwenyewe, kisha ipandishe ngazi hadi ghorofa ya 4 bila kupumzika. Ukishindwa siku hiyo ukiwa na nguvu zako, jioni ukiwa umechoka hutaiweza. Angalia pia cheni inakaa upande gani ikishakunjwa, kwa sababu mimi nimepoteza sketi mbili nyeupe kwa grisi kabla sijajifunza kuibeba kwa mkono wa kushoto. Jambo jingine ni chumvi ya bahari. Skrubu za bawaba ya katikati zilianza kushika kutu mwezi wa tatu tu, na sasa kila Jumapili nazifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo.

Binti wa Tandika
Naunga mkono suala la uzito. Yangu ya kilo 23 sasa inaendeshwa na shemeji.

Fundi wa Temeke
Mkuu wa Kimara, nakushauri uchukue ya inchi 20, na sababu yangu haihusu mwendo. Inahusu tyubu. Tyubu ya inchi 20 utaipata kwa fundi yeyote wa chini ya mwembe, kwa kuwa baiskeli nyingi za watoto wakubwa zinatumia saizi hiyo. Kwenye inchi 16 kuna mtego ambao wauzaji wengi hawauelezi: kuna rimu yenye kipenyo cha milimita 305, ambayo ndiyo ya baiskeli za watoto wadogo, na kuna ya milimita 349 inayotumiwa na baiskeli za kukunja za kampuni ya Brompton na nyinginezo za aina hiyo. Zote huitwa inchi 16, lakini tairi ya moja haiingii kwenye nyingine. Namba imechapwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 47-305 au 35-349, kwa hiyo isome kabla hujatoa fedha. Ukinunua yenye 349, nunua na tyubu nne za akiba siku hiyo hiyo. Ujue vilevile kwamba gurudumu dogo huzama kwenye shimo ambalo gurudumu kubwa lingelipita juu juu, na barabara zetu za mitaani unazijua.

Dada wa Kigamboni
Fundi, heshima yako ipo, lakini wewe unazungumzia pancha ambayo inaweza kutokea mara mbili kwa mwaka, nami nazungumzia ngazi za kila siku asubuhi na jioni. Mtu wa ghorofa ya 4 usimbebeshe kilo 24 kwa ajili ya tyubu.

Fundi wa Temeke
Dada yangu, pancha mbili kwa mwaka ni kwa anayepita lami tupu. Aje mtu wa Mbagala au Goba atuambie amepata ngapi.

Mtu wa Goba
Tano tangu Januari. Nyuma zote, kwenye gurudumu lenye mota, ambalo kulitoa unahitaji spana na uvumilivu, na lazima uchomoe waya wa mota kwa uangalifu. Nimekuja kujua kwamba upepo ukipungua kidogo tu, tairi dogo linabanwa dhidi ya rimu kwenye kila kokoto. Sasa natembea na pampu.

Mzanzibari wa Muscat
Mmenikumbusha yaliyonipata, na nayaandika kwa ajili ya wale wanaotegemea ndugu walioko nje wawaletee. Nilinunua baiskeli nzuri huku kwa ajili ya kaka yangu wa Unguja, nikaifunga kwenye boksi kama mzigo wa ndege, betri ikiwa ndani. Uwanja wa ndege niliitwa jina, boksi likafunguliwa mbele yangu, na betri ikatolewa. Sikuwa na la kubisha. Kanuni za usafiri wa anga zinaruhusu abiria betri ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100 (hicho ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kutunza), na kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege. Zaidi ya hapo haisafiri na abiria. Sasa piga hesabu mwenyewe kwa kuzidisha volti kwa amp-saa: ya kwangu ilikuwa volti 36 na amp-saa 10, yaani wati-saa 360. Kaka yangu alipokea baiskeli isiyo na moyo, akaikanyaga kwa miguu miezi minne hadi nilipompatia betri nyingine kwa njia ya meli. Anayetaka kununua nje apange habari ya betri kabla ya habari ya baiskeli.

Mama Zuhura, Tabata
Nimesoma hadi hapa kwenye betri nikashindwa kunyamaza. Mwaka jana mdogo wangu alikuwa anaishi kwetu, na alikuwa na baiskeli ya kukunja ya volti 36. Chaja yake iliharibika waya, akanunua nyingine kwenye meza ya vifaa kwa sababu kichwa cha kuchomekea kililingana kabisa. Hakuna aliyesoma maandishi yaliyo mgongoni mwa chaja. Alikuwa anaichaji kwenye korido, iliyo baina ya chumba wanacholala wanangu na mlango wa nje, na nyumba yetu ina mlango mmoja na madirisha yote yana nondo.

Saa tano usiku nilisikia sauti kama ya mafuta ya kukaangia yaliyodondokewa na maji. Nilidhani ni jiko la jirani. Nilipofungua mlango wa chumba changu niliona moshi mweupe, nao haukuwa juu kama moshi wa kuni, ulikuwa unatambaa sakafuni, una harufu tamu tamu inayofanana na rangi ya kucha. Nilimwita mdogo wangu kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa. Yeye alichomoa waya ukutani, akaishika baiskeli kwa kiti na kuiburuta hadi uani, na alipoiachia tu, betri ikaanza kulipuka vipande vipande kama fataki, moto unaruka hadi kwenye kamba ya nguo. Mkono wake wa kushoto uliungua hadi kwenye kiwiko. Watoto niliwatoa wamelala, mmoja begani na mwingine kwapani, na wakati napita pale koridoni nilikuwa nasoma Ayatul Kursi bila kujua nimefika aya ya ngapi. Alama nyeusi bado ipo kwenye saruji. Nimeifunika kwa mkeka, lakini kila nikifagia naiona.

Mkaazi wa Kimara
Pole sana mama yangu. Mdogo wako anaendeleaje?

Mama Zuhura, Tabata
Mungu amesaidia, vidole vinakunja. Kovu lipo.

Fundi wa Temeke
Pole sana dada. Ile chaja bila shaka ilikuwa ya volti 54.6, ambayo ni ya betri za volti 48. Betri ya volti 36 ina seli 10 zilizopangwa mfululizo, kila moja hujaa kwenye volti 4.2, ndiyo maana chaja yake huandikwa 42. Ndani ya betri huwa kuna sakiti ya ulinzi inayopaswa kukata umeme ukizidi, lakini kwenye betri hafifu, au iliyowahi kufunguliwa na kuungwaungwa, ulinzi huo huenda haupo. Ndugu zangu, someni namba ya mgongoni mwa chaja.

Mzee wa Upanga
Kwa maoni yangu vyombo hivi visiingie ndani ya nyumba ya watu kabisa. Vichajiwe nje.

Kijana wa Sinza
Mzee wangu, shikamoo. Nje wapi, ili niamke nikute imeibiwa? Mimi nachaji chumbani mwaka wa tatu na sijaona tatizo. Moto ukitokea, unamwaga ndoo ya mchanga.

Mama Zuhura, Tabata
Mwanangu, nami nilikuwa naweza kusema sijaona tatizo, hadi usiku ule. Na ndoo ya mchanga ungeifuata wapi, ikiwa moto uko baina yako na mlango?

Kijana wa Sinza
Nisamehe mama, nimeandika kwa haraka. Leo naihamishia karibu na dirisha.

Mkenya wa London
Huku jambo hili limebadilisha hata usafiri wa umma. Baada ya baiskeli ya umeme kuwaka moto katika kituo cha Rayners Lane mwezi Februari 2025, mamlaka ya usafiri ya London ilipiga marufuku baiskeli za umeme zisizokunjwa kwenye treni zake karibu zote kuanzia tarehe 31 Machi 2025. Zinazokunjika zimeruhusiwa, mradi zimekunjwa. Kuhusu moto, mchanga hautoshi, kwa sababu joto linatoka ndani ya seli zenyewe na linaweza kuwasha tena. Tokeni nje, fungeni mlango nyuma yenu, na muite zimamoto.

Dada wa Kigamboni
Kwetu Tanzania namba ya zimamoto ni 114.

Mwendaji wa Kangemi, Nairobi
Nirudi kwenye swali la ndugu wa Kimara. Wauzaji watakutajia umbali ambao betri inafika, nao huo umepimwa kwenye tambarare na mtu mwembamba. Mimi asubuhi nateremka Waiyaki Way hadi mjini karibu bila kutumia umeme, na deni la asubuhi hulilipa jioni kwa kupanda. Weka makadirio ya wati-saa 10 kwa kila kilomita, halafu ubakize sehemu moja ya tano bila kuigusa. Kwa kilomita 28 za kwenda na kurudi, betri ya wati-saa 360 itakutosha ikiwa mpya, lakini baada ya miaka miwili utahitaji kuchaji ofisini. Kwa hiyo hakikisha betri inachomoka, ili ubebe betri peke yake hadi kwenye meza. Uliza pia kama mota inaitikia nguvu ya mguu au inaitikia tu kwamba pedeli zinazunguka. Hii ya pili hukurusha mbele ghafla, na katikati ya matatu hilo ni hatari.

Jirani wa Ubungo
Nunua isiyo na umeme, kilo 11, ukanyage. Kutoka Kimara hadi Posta asubuhi ni mteremko sehemu kubwa.

Binti wa Tandika
Na jioni je, mkuu, akipanda kutoka Ubungo na jua la saa kumi?

Mkaazi wa Kimara
Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki moja. Jumamosi nilikwenda dukani na nikamwomba muuzaji, mbele ya wateja wengine, anipe nafasi ya kuzipandisha ngazini. Ya inchi 20 niliitua ghorofa ya 2, mkono unatetemeka. Ya inchi 14 niliifikisha ghorofa ya 4 vizuri, lakini nilipoiendesha kwenye matuta ya barabara usukani ulinichezea. Nimechukua ya inchi 16. Ubavuni mwa tairi imeandikwa 305, chaja imeandikwa 42, na betri inachomoka kwa ufunguo. Naichaji jioni nikiwa macho, kando ya dirisha lisilo na nondo, na mlango uko upande wa pili. Kwa hesabu yangu, kuijaza hakufiki nusu uniti ya umeme wa LUKU. Leo nimefika kazini kwa dakika 45, na mlinzi aliiangalia, akaniuliza hilo sanduku lina nini, akanifungulia. Kitu kimoja kinanisumbua: komeo la bawaba ya katikati linalia krii kila nikipita kwenye tuta. Fundi, hilo ni jambo la kawaida?

Fundi wa Temeke
Si la kawaida, usiendeshe kesho. Komeo limelegea, au kuna mchanga kwenye kingo za bawaba. Safisha, kaza skrubu ya kurekebishia robo mzunguko, kisha lifunge. Likifunga bila kukuachia alama kiganjani, bado limelegea. Ukiona ufa hata mwembamba kama unywele kwenye kiungo cha kuchomelea, irudishe dukani.