Machimbo ya changarawe jirani na kisima chetu: tuulize nini?

BintiNgerengere:
Habari zenu wakuu. Niko Morogoro Vijijini, karibu na Mto Ngerengere. Kuna mtu ameomba kuchimba changarawe kwenye shamba lililo mita kama 300 kutoka kisima chetu, upande wa juu wa mteremko. Anasema atashuka mpaka mita 12. Kisima chetu tulichimba kwa mkono, kina mita 9 tu, na kaya zaidi ya arobaini zinachota hapo. Mtaalamu wake alikuja siku moja mwezi Oktoba, akachimba shimo la mita 4, akakuta pakavu, akaandika kwamba maji ya ardhini hayataguswa. Mkutano wa kijiji ni mwezi ujao. Sijasomea mambo haya, lakini roho haitulii.

Kamba_na_Chaki:
Dada, una haki ya kutotulia. Shimo la mita 4 mwisho wa kiangazi halisemi lolote juu ya uchimbaji wa mita 12. Mimi nimepima visima miaka kumi na moja, na naanzia hapa kila mara: maji yamelala mita ngapi kutoka juu mwezi Oktoba, na mita ngapi mwezi Mei masika yakiisha? Asiye na namba hizo mbili hajatathmini kitu.

Anzeni kuzikusanya wenyewe. Tafuteni futi kamba ya chuma, mfunge kijiwe mwishoni, mpake chaki ya ubaoni mita moja ya mwisho. Shusheni alfajiri kabla mtu hajachota, maana usiku kisima hujirudishia maji yake. Ukiivuta utaona chaki imekolea pale ilipolowa. Toa urefu uliolowa kwenye urefu ulioshusha. Unachobaki nacho ndicho kina cha maji kutoka ukingoni. Pima kila wiki, kwenye alama ileile ya ukingo, na uandike tarehe na saa.

Fanyeni hivyo kwa visima vitatu visivyokaa mstari mmoja. Kisha fundi ujenzi aje na mpira wake wa levo, ule wa kuona ndani unaojazwa maji, mlinganishe kingo za visima hivyo hatua kwa hatua. Kwa kila kisima, toeni kina cha maji kwenye kimo cha ukingo wake. Mkijua uso wa maji uko juu wapi na chini wapi, mtajua maji yanaelekea upande gani. Mara nyingi hufuata mteremko wa ardhi, ila mkondo wa zamani wa mto uliojaa changarawe unaweza kuyageuza.

Kijiko_Chalinze:
Mimi nipo kwenye machimbo. Wengi wetu hatupampi maji kuyatoa shimoni, tunachota changarawe humohumo majini kwa ekskaveta. Maji yanabaki palepale, na vijana wanapata kazi.

Kamba_na_Chaki:
Kaka, kazi siipingi, nina wadogo zangu wanaishi kwa kokoto. Lakini hayabaki palepale. Ardhini uso wa maji una mteremko. Ndani ya shimo unalala bapa. Kwa hiyo visima vya upande wa juu hushuka, na vya chini vinaweza hata kupanda. Jua nalo linakunywa shimo wazi kila siku. Na dizeli ikimwagika humo, udongo uliokuwa unachuja umeshaondolewa.

Dada, kama maji yanatoka shambani kuja kwenu, bila pampu hofu yangu ya kwanza ni uchafu. Akipampa, kisima cha mita 9 kinaweza kukauka kiangazi cha kwanza. Mkutanoni mtake aseme wazi: atapampa? Maji atayamwaga wapi? Nani atapima visima vyenu kabla hajaanza, na kwa muda gani? Mimi nisingekubali chini ya mwaka mzima. Pimeni pia umbali wake kutoka mtoni, maana Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 za ukingo. Daftari lenu mpeleke ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu, Morogoro mjini, wanaotoa vibali vya kutumia maji, na nakala iende NEMC, baraza la taifa la mazingira.

BintiNgerengere:
Asante sana kaka. Leo saa kumi na moja na nusu alfajiri nimepima na mwanangu akinishikia tochi: kisima chetu mita 6.41, cha shule 5.88. Cha tatu kina mfuniko wa zege, tumeomba ufunguliwe. Fundi wa mpira anakuja Jumanne.