Office ya bure kwenye desktopu: LibreOffice, WPS au kuna nyingine?

KijanaWaUyole
Wakuu, habari za jioni. Nimechukua desktopu mbili za mtumba, mwezi ujao nafungua ofisi yangu ndogo. Office ya Microsoft (Word, Excel na wenzake) iliyokuja nazo imeanza kuleta ule mstari mwekundu juu kwamba haijalipiwa. Fundi aliyeniuzia anataka elfu kumi na tano "airekebishe", na hii ni mara ya pili. Nimechoka. Nataka kitu cha bure kisichonisumbua. Nasikia LibreOffice, nasikia WPS, jamaa yangu mmoja ananisukumia OnlyOffice. Nichukue ipi? Jumamosi nataka niwe nimemaliza.

FundiKabwe
LibreOffice. Imeisha hiyo.

Tukuyu_Migombani
Imeisha vipi wakati mwenye mashine hajasema hata ina nini ndani? Mkuu, ramu ngapi? Windows gani? Na hiyo ofisi ndogo ni ya kazi gani, uwakala wa fedha, steshenari, au unauza mbolea na unataka kuandika risiti?

BintiKihesa
Kamwene wote. Mimi niko Iringa, WPS huu mwaka wa tatu. Sura yake ni ileile ya Word, hata msichana wangu wa kazi alikaa akaanza kuchapa siku hiyohiyo bila kufundishwa. Faili za docx, zile za Word, zinafunguka zimetulia. Kero yake ni matangazo, na ukitaka kugeuza PDF iwe Word inakuambia lipia kwanza. Hayo nimeyazoea.

FundiKabwe
Dada, ile WPS ya bure ni ya matumizi binafsi, soma masharti yake. Ukiiweka dukani umetoka kwenye Office ya kukraki, isiyolipiwa, umeingia kwenye ujanja mwingine. LibreOffice leseni yake inaruhusu biashara, weka hata mashine mia, hakuna wa kukuuliza.

BintiKihesa
Nani atapanda mpaka Kihesa kuja kunikagua, kaka?

FundiKabwe
Hata fundi wa KijanaWaUyole alisema hivyohivyo.

MzeeWaMakambako
Vijana, mimi nina OpenOffice tangu mwaka 2009 na haijawahi kunigomea. Sijui kwa nini hamuitaji.

Tukuyu_Migombani
Shikamoo mzee. Hatuitaji kwa sababu walioijenga wengi walishahama. Oracle walipoinunua Sun, kampuni iliyokuwa na OpenOffice, mwaka 2010, waandishi wake wakaona mambo yanalala, mwaka huohuo wakachukua msimbo wakaanzisha LibreOffice. OpenOffice yenyewe ikakabidhiwa wakfu wa Apache mwaka uliofuata. Bado ipo, lakini inatembea kwa mkongojo. Jaribu kusevu docx kwa OpenOffice yako uone. Itakufungulia, kusevu kwa docx haiwezi.

MzeeWaMakambako
Marahaba. Mimi naandika mihtasari ya AMCOS, ushirika wa wakulima, na barua za kitongoji, nasevu kwa doc ya zamani, na hakuna aliyewahi kunirudishia barua. Na niwakumbushe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishawahi kuitafsiri yote kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Menyu zote Kiswahili. Leo mnabishana kwa Kiswahili juu ya programu za Kiingereza.

Tukuyu_Migombani
Hiyo ya Jambo ulikuwa mradi wa Kilinux, wa kutafsiri programu huria kwa Kiswahili, nakubali mzee, ilikuwa kazi ya heshima. LibreOffice nayo ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Ukichapa barua haikupigii mstari mwekundu kila neno kana kwamba umekosea vyote.

Mwalimu_Mafinga
Nimesoma kimya, sasa ngoja niseme yaliyonikuta kabla hamjampoteza kijana wa watu.

Mwaka juzi nilikuwa mwalimu wa taaluma. Mtihani wa Biolojia kidato cha pili niliuchapa mwenyewe kwenye kompyuta ya shule, ina Word, nimetumia Bookman Old Style maana ndiyo fonti mkuu anaitaka, vinginevyo anarudisha. Swali la nane mchoro wa moyo, nimeuchora kwa mikono yangu: mishale, visanduku, herufi A mpaka F. Usiku mzima, baridi ya Julai mnaijua, vidole vimekufa ganzi. Kurasa nne kamili, zimekaa kama sare ya gwaride.

Asubuhi umeme hakuna shuleni. Nikachukua flashi, nikapanda bodaboda mpaka steshenari moja mjini, siitaji. Wana LibreOffice. Kijana akafungua, nikaona ukurasa wa kwanza uko sawa, nikasema toa nakala 140, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikalipa, nikafunga bahasha, nikaondoka. Kosa langu, najua, msinihubirie.

Chumba cha mtihani, dakika ya ishirini, mtoto ananyoosha mkono. "Mwalimu, C inaonesha wapi?" Naangalia karatasi. Kurasa zimekuwa tano. Moyo umebaki ukurasa wa tatu na mishale mitupu, herufi zimehamia ukurasa wa nne. C iko pembeni kabisa inaelekeza nje ya karatasi, kwenye dirisha. Nilichora moyo upya ubaoni kwa chaki katika mikondo mitatu, nakimbia kutoka mkondo mmoja kwenda mwingine kama mgambo. Mpaka leo wale watoto wakiniona mjini wananiita "Mwalimu C".

Kwa hiyo mimi na LibreOffice, basi.

BintiKihesa
😂😂 Mwalimu C! Pole sana. Sasa mnaona? WPS isingefanya hivyo.

FundiKabwe
Ingefanya vilevile dada. Mwalimu, tatizo lako ni fonti. Calibri na Cambria zinakuja na Windows yenyewe tangu Vista, hizo zipo kila mashine. Bookman Old Style haiji na Windows, inakuja na Office. Mashine isiyo na Office haina Bookman, programu inatafuta fonti nyingine ya kujazia. Upana wa herufi ukibadilika, mistari inasogea, kurasa nne zinakuwa tano. Hata Word ileile kwenye mashine isiyo na hiyo fonti ingekuumiza. Tena mchoro hukuufunga uwe kitu kimoja, kila herufi ilikuwa inaelea yenyewe.

Mwalimu_Mafinga
Nimesema msinihubirie.

Tukuyu_Migombani
Mwalimu, PDF tu. Mtihani ukitoka shuleni unatoka kwa PDF, hapo haijalishi steshenari wana programu gani.

Mwalimu_Mafinga
Nikiona kosa la tahajia pale mjini nalirekebishaje kwenye PDF? Unabeba vyote viwili, na kijana wa steshenari atafungua ile ya Word tu, nakuapia.

KijanaWaUyole
Samahani wakuu, nilikuwa Mwanjelwa nafuata meza. Mashine moja ni GB 4, Windows 10. Nyingine GB 2, Windows 7, biti 32. Na ndiyo, ni steshenari, karibu na shule mbili na kanisa. Kuchapa barua, CV, mitihani kama ya huyo mwalimu, na zaidi kadi za mchango wa harusi.

Tukuyu_Migombani
Sasa ndiyo umeanza kuongea. Ya Windows 7 usichukue LibreOffice mpya kabisa, kuanzia toleo la 25.8 wameachana na Windows 7 na 8. Chukua la nyuma, 24.8, na hakikisha ni la biti 32. Wenyewe wanaandika kwamba MB 256 za ramu zinatosha. Aliyeandika hivyo hajawahi kukaa steshenari wiki ambayo ajira zimetangazwa. GB 2 itavuta ila itavuta kwa kukohoa. Fungua faili moja moja. OnlyOffice usiiweke humo, itakwama.

KijanaWaUyole
Kwa nini OnlyOffice haifai? Jamaa anasema ndiyo inasoma docx vizuri kuliko zote.

Tukuyu_Migombani
Kwenye docx hakudanganyi, imejengwa juu ya muundo huohuo. Kwenye GB 4 ijaribu. Nimeizungumzia ile ya GB 2.

DadaWaKadi_Njombe
Wote mmeliruka neno kubwa hapo: KADI. Kaka, kadi unatengenezea nini?

KijanaWaUyole
Publisher ya Microsoft dada. Nina sampo kama mia mbili nimerithi kwa bosi wangu wa zamani, zote faili za pub, za hiyo Publisher.

DadaWaKadi_Njombe
Ndiyo maana nimeuliza. WPS na OnlyOffice nilishajaribu, faili za pub hazikufungua. LibreOffice inaifungua upande wa Draw, programu yake ya michoro, lakini haisevu tena kwa pub, na maua ya pembeni wakati mwingine yanakaa juu ya jina la bibi harusi. Na Publisher yenyewe Microsoft wametangaza wanaizika Oktoba 2026. Kwa hiyo sampo zako mia mbili zina siku za kuhesabika. Mimi nilikaa msimu wa mvua, biashara imelala, nikazihamisha moja moja. Zile za send-off nilizitupa tu, nyingi zilikuwa mbaya.

Majina ya wachangiaji unayaweka kwenye Calc (Excel ya LibreOffice), kadi kwenye Writer (Word yake), inajaza yenyewe jina moja moja. Mara ya kwanza itakutoa jasho kwa sababu inataka uisajili ile orodha kwanza kama chanzo cha data. Ukishajua njia, kadi 200 ni chai moja.

BintiKihesa
Au tumia Canva ya mtandaoni kama watu wa siku hizi.

DadaWaKadi_Njombe
Na bando unamlipia wewe?

MzeeWaMakambako
Kijana, umeme Uyole ukoje? Maana mimi nilipoteza muhtasari wa mkutano mkuu kwa kukatika umeme, si kwa programu. Nunua UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme, kabla ya hizi Office zote.

FundiKabwe
Mzee kasema kweli. UPS ya mtumba usinunue ila kwa betri mpya. Na weka ijisevu kila dakika tano, yenyewe huja imewekwa kumi.

Mwalimu_Mafinga
UPS inabeba desktopu, haibebi printa ya leza. Ukiichomeka humo inalia kama mbuzi.

BintiKihesa
Tukizungumzia printa, tona ya kujaza mnapata wapi siku hizi? Ya mwisho niliyochukua inatoa mstari mweusi katikati ya CV za watu.

FundiKabwe
Mstari huo mara nyingi ni dramu, si tona. Ilete Mbeya niione.

BintiKihesa
Nauli ya kutoka Iringa na printa mapajani, kaka, unanipenda kweli?

Tukuyu_Migombani
KijanaWaUyole, umefikia wapi?

KijanaWaUyole
Naishusha LibreOffice kwenye ile ya GB 4 kwanza, ni kama MB 350. Imefika asilimia 60 bando likakata, naenda kuongeza. Ile ya Windows 7 bado nawaza. Fundi amenipigia tena, sasa anasema elfu kumi.